Sanduku la Twiga Waliorudi

Baba yangu alikuwa mtu wa maelezo. Nyumba nyingine pale mtaani Tena, Nairobi, zilijivunia redio kubwa au makochi yenye vitambaa vya kufumwa. Sisi tulijivunia maelezo ya baba. Alikuwa nayo ya kutosha mtaa mzima. Alijua kwa nini mfereji hukauka Jumamosi, kwa nini paka wa ploti yetu alimpenda yeye peke yake, na kwa nini ugali wa mama huwa mtamu zaidi siku ambayo mama amenuna. Alikuwa mchongaji wa vinyago, na mikono yake ikishapata kazi, mdomo wake haukukubali kukaa bure. Nilimpenda kupita kiasi. Ninalisema hilo mapema kwa sababu humu ndani nitamcheka.

Kazi ilifanyika kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba. Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, na maduka ya watalii kule mjini yalikuwa yakitaka wanyama wa mbao kila wakati. Tulikuwa watatu kibandani: baba; binamu yangu mtoto wa shangazi, kijana aliyekulia Mathare na aliyeweza kuchonga huku anaimba, anatafuna na anabishana; na mimi, kifungua mimba wa nyumba ile, niliyekuwa nimemaliza kidato cha nne na kuamua kwamba sitaki kitu kingine duniani ila kukaa kwenye kigoda nikinusa mbao mbichi. Wasichana wa rika langu walikuwa wakitamani kazi za benki. Mimi nilitamani tezo, lile shoka dogo la mchongaji ambalo baba alilishika kwa wepisi kama mtu anayeshika kijiko.

Mnyama wetu alikuwa twiga. Tulimchonga amesimama, shingo juu, kichwa kimegeuka kutazama nyuma ya bega, kama mtu aliyesikia anaitwa sokoni. Kwenye kugeuka huko ndiko kulikokuwa na shida yote. Twiga anaweza kugeukia bega lake la kushoto, anaweza kugeukia la kulia. Wewe na mimi tungesema ni mamoja. Baba yangu alisema si mamoja hata kidogo: wa kushoto huuzwa, wa kulia hukaa.

Alikuwa ameyaona kwa macho yake mwenyewe. Siku moja alifika mjini kwenye duka moja, akamkuta mgeni mwenye kofia pana akimchukua twiga wa kushoto na kumkumbatia. Baadaye akamwona mwingine akifanya vivyo hivyo. Ikamtosha. Alirudi nyumbani na maelezo yaliyoiva: kwamba hawa wageni kwao huendesha gari upande wa kulia wa barabara, hivyo jicho lao limezoea kutafuta kitu upande wa kushoto, na likikipata roho yao inatulia.

"Na Waingereza?" niliuliza. "Hao huendesha kama sisi."

"Mwingereza akisafiri hubadilika," alisema baba bila hata kuinua macho.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Twiga wa kushoto akiuzwa, alipiga goti lake na kusema, "Mnaona?" Twiga wa kushoto akikosa mnunuzi, ilikuwa ni mvua, watalii walikuwa wamejikunyata hotelini. Wakati mmoja habari zilitufikia kwamba twiga wa kulia ameuzwa, tena siku ileile aliyofikishwa dukani. Baba alifikiri kidogo tu. Akasema huyo mnunuzi bila shaka alikuwa akimpelekea mama mkwe wake.

Binamu yangu aliiamini habari hiyo ya kushoto kama anavyoamini kwamba kesho kutakucha. "Fom ni left, siste," aliniambia, yaani mpango ni kushoto. "Mjomba ameshasoma hao wasee wote."

Basi mtaelewa masikitiko yangu nikiwaambia kwamba mimi ni mtu wa mkono wa kushoto. Nyanya yangu alijitahidi kunibadilisha nilipokuwa mdogo, na alifanikiwa katika mambo ya adabu: nilikula kwa mkono wa kulia, nikaamkia watu wazima kwa wa kulia, nikapokea vitu kwa wa kulia. Lakini nilipopewa tezo, mkono wa kushoto ulijitokeza wenyewe na kuichukua. Na mchongaji hushika mti kwa mkono mmoja na kuuchonga kwa mwingine. Wa mkono wa kulia, kama baba na binamu yangu, shingo ya twiga huwajia ikigeukia kushoto bila hata kufikiri. Mimi ilinijia ikigeukia kulia. Twiga wangu wote, bila kukosa hata mmoja, walitazama upande ambao baba alisema hauuziki.

Nilijaribu kuwalazimisha. Wakatoka na shingo zilizopinda vibaya, kama wagonjwa wa jino. Binamu yangu alimwinua mmoja, akamtazama sana, akasema, "Huyu anataka daktari." Nilimrushia kipande cha mti.

Kukaa kwenyewe kulikuwa vita. Vigoda vilipangwa kwa mstari, sote tukitazama mlango ili tupate mwanga. Vipande vya mti kutoka kwa baba viliruka kushoto, vyangu viliruka kulia, na mimi nilikuwa nimekaa kushoto kwake. Tulirushiana takataka mchana kutwa. Mwishowe akanihamishia kwenye kona ya msasa, nisugue wanyama wao na kuwapaka rangi ya viatu mpaka wang'ae, na nichonge wangu jioni wakishaondoka. Alinihamisha kwa upole, hata akanipangusa vumbi begani. Nilienda kwenye kona hiyo nikiwa nimevimba kwa hasira.

Twiga wangu walipanda kwenye rafu ya juu. "Wangoje kidogo," alisema baba, "tusiharibu mzigo." Wakangoja. Vumbi likawakalia. Na kila mgeni aliyeingia kibandani akiuliza hawa je, baba alijibu kwa huzuni ya kweli kwamba wale ni wa binti yake, kazi safi sana, lakini hawatoki.

Mama alisikia neno hilo, hawatoki, yaani hawauziki, na mama hakuwa mtu wa kuhitaji kuambiwa jambo mara mbili. Alikuwa karani katika ofisi moja kule eneo la viwanda, na alikuwa ameniulizia nafasi kwenye chuo cha kupiga taipu. Aliniketisha jikoni akichambua mchicha.

"Mwanangu, mimi sina neno na twiga," alisema. "Wangekuwa wanatoka ningekuachia ukae nao. Lakini hawatoki. Muhula ukifunguka, unaenda chuo."

Nikamwambia nitakufa nikipiga taipu.

"Hakuna aliyekufa," alisema. "Mimi napiga kila siku na bado nakupikia."

Nilitoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji. Sikuwa mtoto wa kulia ovyo. Nililia kwa sababu mama alikuwa na haki kwa kadiri alivyoambiwa, na baba alikuwa na uhakika, na mimi sikuwa na kitu cha kuwajibu.

Sasa lazima niwaeleze habari ya sanduku. Vinyago vyetu havikwenda mjini mikononi mwa baba. Vilichukuliwa na jirani yetu, mama Mwislamu ambaye wazazi wake walihamia Nairobi kutoka kaskazini kabla hajazaliwa, mfanyabiashara wa jumla mwenye stoo iliyojaa mchele, vitambaa, sufuria na harufu ya udi. Yeye ndiye aliyejuana na wenye maduka. Alipeleka mzigo, na vilivyokosa wanunuzi alivirudisha na kuvitia kwenye sanduku kubwa la mbao pembeni mwa stoo yake. Alikuwa mcheshi, mnene, mwenye sauti iliyofika barabarani, na kila aliporudi mjini alipaaza sauti kutoka langoni, "Fundi! Wameuzwa!" Hakupaaza habari za waliorudi. Angepaaza nini?

Na baba hakuuliza. Hakuna mchongaji wa kwetu ambaye angeuliza. Alifundishwa na aliyemfundisha kwamba macho yakikaa sana kwenye kinyago kilichokataliwa, mkono hukikumbuka na kukichonga tena. Kwa hiyo kilichorudi hakitazamwi. Kinafunikwa, kinangoja muuzaji mwingine wa bei ya chini aje akichukue gizani gizani, na fundi anaendelea na maisha yake akiwaza yale mazuri tu. Tangu nizaliwe sikuwahi kumwona baba akilikaribia lile sanduku. Akiingia stoo kununua sukari, alipita upande wa pili.

Jumapili moja, baada ya kanisa, tulikuwa tumekaa uani tukila mahindi ya kuchemsha. Jirani alikuwa amekuja kumletea mama kitambaa. Muhula ulikuwa karibu kufunguka na nilikuwa sijazungumza na mtu kwa muda. Baba, kwa kutaka kunichangamsha, akaanza tena habari ya jicho la mgeni na upande wa kushoto, sasa akiwa ameongezea sura mpya kuhusu watu wa Japani. Kitu kikanipanda kichwani.

"Baba," nilisema, "hebu niambie. Ni kitu gani kingekufanya useme, hapa nimekosea?"

Akanitazama. "Vipi?"

"Wa kushoto akiuzwa, uko sawa. Asipouzwa, ni mvua. Wa kulia akiuzwa, ni mama mkwe. Sasa mimi nataka kujua. Ungeona nini, useme basi, maneno yangu si kweli?"

Binamu yangu aliacha kutafuna. "Siste," alinong'ona, "taratibu na mzae."

Lakini baba hakukasirika. Nataka hilo lijulikane. Alishika gunzi lake hewani, akatazama mbali, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamwona akitafuta maelezo asiyapate. Mtu huyo alikuwa na jibu la paka na la mfereji, na hili hakuwa nalo. Sidhani kuna aliyewahi kumwuliza.

"Swali zuri," alisema mwishowe, na nikaona kwamba alimaanisha. "Ngoja. Waliouzwa nawajua. Nikiona waliorudi..." Akasita, kwa maana ile mila ya wachongaji ilimzuia. Halafu akacheka, kicheko cha mtu asiyeogopa. "Haya. Nikifungua sanduku la huyu mama nikute limejaa twiga wa kushoto, nitasimama hapa nje niseme nimekosea. Lakini hutakuta. Mle ndani ni wa kulia tu, wale ambao kijana huyu huwachonga akiwa na usingizi."

Jirani alikuwa amekwisha kusimama. "Wallahi, fundi, leo ndiyo leo," alisema, akizungusha funguo kidoleni.

Tulienda sote. Mama alienda na mahindi yake. Stoo ilikuwa na giza, jirani akafungua dirisha, na sanduku likavutwa katikati. Baba alisimama nyuma kidogo, mikono mgongoni, akitazama dari. Niliondoa gunia lililolifunika.

Nilimtoa wa kwanza. Kushoto. Wa pili, kushoto. Wa tatu akawa wa kulia na baba, ambaye alidai hatazami, akasema, "Aa!" Kisha kushoto, kushoto, kushoto. Tuliwapanga sakafuni kati ya magunia ya mchele, kundi zima la twiga, na karibu wote walikuwa wamegeuza vichwa upande uleule, kushoto, kama wanafunzi waliosikia kengele ya kwenda nyumbani. Binamu yangu alijishika kichwa. "Noma," alisema kwa sauti ndogo.

Mambo yakawa wazi kwangu pale pale nikiwa nimepiga magoti, na nikayasema kadiri yalivyonijia. Tulichonga wa kushoto, tukapeleka wa kushoto, wakauzwa wa kushoto, tukashangilia kwamba wa kushoto ndio wanaouzwa. Na waliorudi pia walikuwa wa kushoto, kwa sababu hatukuwa tumepeleka wengine ila mmoja mmoja.

"Na hawa wa binti yako wako wapi?" Hiyo ilikuwa sauti ya mama. Alikuwa amesimama mlangoni, gunzi mkononi, akimtazama baba.

"Kibandani," alisema baba. "Kwenye rafu."

"Kwa nini?"

"Si hawatoki."

"Waliwahi kupelekwa?"

Baba akatazama twiga wale sakafuni, akamtazama mama, akanitazama mimi, na nikaona jambo lile likimwingia usoni taratibu. Nilijiandaa kwa aibu yake. Ningeumia kumwona akiaibika. Badala yake alianza kucheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la mchele, akacheka mpaka machozi, jirani akamfuata na ile sauti yake ya barabarani, na sote tukaangua kicheko. Wapita njia walisimama dirishani kuuliza kuna nini.

"Hawakukataliwa!" baba alisema alipopata pumzi. "Wale watoto wa watu kule rafuni hawakukataliwa! Hawakupelekwa!" Akatoka nje hadi katikati ya uwanja wa ploti, mbele ya waliokuwa wakianika nguo, akatangaza kwa sauti kwamba amekosea. Mama mmoja akamwuliza amekosea nini. Akamweleza yote tangu mwanzo, pamoja na Wajapani.

Mila ikishavunjika imevunjika, kwa hiyo aliporudi ndani aliwainua twiga mmoja mmoja na kuwatazama sawasawa, kazi ambayo hakuwahi kuifanya maishani. Akamgeuza mmoja, akamgeuza mwingine.

"Sikio," alisema.

Ni kweli. Wengi wa waliorudi walikuwa wamevunjika sikio. Tulikuwa tukiwachonga masikio membamba yaliyosimama nje, na njiani, ndani ya magunia, yalikuwa yakikatika. Nani atanunua twiga mwenye sikio moja? Sanduku lilikuwa na habari hiyo muda wote.

"Sikio la left ama la right, mjomba?" aliuliza binamu yangu.

"Nyamaza, wewe," alisema baba, akacheka tena.

Mzigo uliofuata tulichanganya: wangu kutoka kwenye rafu, waliopanguswa vumbi na kung'arishwa, pamoja na wa baba na wa binamu. Ni baba mwenyewe aliyesema wawe sawa kwa sawa, na kwamba jirani asiwaambie wenye maduka neno lolote, awapange tu bila kuchagua. Wapya wote tuliwalaza masikio nyuma, karibu na shingo. Mama alikubali kwamba chuo kitangoja mpaka tuone watakaorudi. Siku hizo nilisugua msasa nikiwa na homa ya matumaini, na nitasema ukweli: nilitaka wa kulia washinde. Nilikuwa hata nimeshaanza kujiandalia maelezo ya jicho la mgeni, kwa upande wangu.

Jirani aliporudi hakupaaza. Alituita. Tulifungua sanduku pamoja, na mle ndani walikuwapo wachache, wengine wametazama huku, wengine kule. Hakuna upande ulioshinda. Waliouzwa walikuwa wengi, wa kila upande, na masikio yao yote mawili.

Niliona uchungu kidogo, sitaki kudanganya. "Lakini wa kulia wangefanya vizuri zaidi," nilianza kusema, "ila kwa vile wiki hiyo..."

Binamu yangu aliinua kidole. "Siste. Sanduku linasemaje?"

Wakanicheka wote, na mimi mwenyewe nikacheka, kwa sababu nilikuwa nimesikia sauti ya baba ikitoka mdomoni mwangu. Maneno hayo yakabaki kwenye familia. Mtu akidai mezani kwamba jirani fulani hamsalimii kwa makusudi, au kwamba mvua hunyesha kila akifua, lazima mmoja atauliza sanduku linasemaje. Baba hakupona maelezo, asante Mungu. Mwaka uleule aligundua kwamba wateja wa Ijumaa hawapendi rangi nyeusi. Lakini alipomaliza kulieleza, alijikuna shingo, akasema mwenyewe, kabla ya kuulizwa, ni kitu gani angelazimika kukiona ndipo aliache.

Mama alitazama sanduku lile siku hiyo kwa muda mrefu. Akahesabu kwa macho wangu walikuwa wangapi, akaona hawakuzidi wa baba. Akasema nafasi ya taipu atampa binti wa mwenzake wa ofisini. Kisha akaenda kupika, na ugali wa siku hiyo, ingawa mama alikuwa akiimba, ulikuwa mtamu kuliko yote. Baba alitafuna, akatafuna, akakubali kwamba na hilo la kununa nalo itabidi alifikirie upya.

Asubuhi iliyofuata niliingia kibandani nikaelekea kwenye kona ya msasa kama kawaida. Kigoda changu hakikuwapo. Baba alikuwa amekirudisha mlangoni, kwenye mwanga, ila hakukiweka kwenye mstari. Alikuwa amekiweka kikitazamana na chake.

"Kaa," alisema. "Tuone."

Nilikaa. Nilishika tezo kwa mkono wangu, yeye akashika yake kwa mkono wake, magoti yetu yakikaribia kugusana. Tukaanza. Vipande vyake viliruka kushoto kwake, vyangu viliruka kulia kwangu, na kwa vile tulitazamana vyote vilienda upande mmoja, vikaangukiana pale sakafuni kwenye lundo moja. Baba alilitazama lundo hilo akitabasamu. Nilimwona anafungua mdomo kutoa maelezo, halafu akaufunga, akaendelea kuchonga.